Kiti kinachotetemeka kwa milioni mbili na nusu: mawimbi ya sauti yanatibu nini hasa?

FundiMitambo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote, na shikamooni wale mnaostahiki.

Baba yangu ana umri wa miaka 71, na huu ni mwaka wa nne tangu tulipoambiwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Aliendesha winchi bandarini hadi alipostaafu. Leo mkono wake wa kulia unacheza hata akiwa ameketi kimya, na hatua zake zimekuwa fupi mithili ya mtu anayevuka sakafu iliyomwagika mafuta. Kwa muda mrefu amekuwa akisisitiza kwamba kila anapopanda daladala kutoka kwetu Temeke kwenda kliniki mjini, hasa tukipita kile kipande chenye mashimo, hushuka akiwa mwepesi kuliko alivyopanda. Sisi wanawe tulikuwa tukimcheka. Mwezi uliopita muuzaji mmoja wa vifaa vya tiba, aliyeletwa na jirani, alitufikia nyumbani na kiti chenye mota chini ya kalio, akakiwasha, akampa mzee dakika kumi na tano. Mzee akainuka akasema kwamba mtikisiko ni uleule wa daladala, ila huu hauna konda. Bei ni shilingi 2,500,000, kwa awamu mbili.

Mimi si daktari. Ni fundi wa mitambo ya sauti, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimefunga spika katika kumbi za harusi, mikutano ya injili na maulidi ya jiji hili. Kijitabu cha muuzaji kilikuwa kimejaa maneno ya kazi yangu: masafa, mitetemo, hezi, mwangwi. Nikaona si busara kulipa milioni mbili na nusu kwa maneno ninayoyatumia kila Jumamosi bila kuyachunguza.

La kwanza nililolikuta lilinilazimu nikamwombe mzee radhi. Katika karne ya 19, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, tabibu Jean-Martin Charcot, bingwa wa mishipa ya fahamu wa zama zake, aliwasikia wagonjwa wake wa Parkinson wakisema maneno yaleyale ya baba yangu. Waliposafiri kwa treni au kwa gari la farasi, walifika wakiwa na ahueni. Charcot hakuwacheka. Aliagiza kiti kinachotikiswa kwa mashine, na mwaka 1892 akatoa maelezo ya wagonjwa waliokalia kiti hicho na kupata nafuu. Mwanafunzi wake Gilles de la Tourette akaendelea kwa kutengeneza hata kofia inayotetemeka. Charcot alifariki mwaka 1893 na fikra ile ikalala usingizi mrefu.

Iliamshwa Chicago. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 23. Wote walikalia kiti cha aina hiyo kila siku kwa mwezi mmoja huku wakisikilizishwa sauti tulivu za maumbile, lakini baadhi walitetemeshwa na wengine kiti chao kilikuwa kimya. Waliotetemeshwa walipata nafuu katika viungo vyao. Ambao hawakutetemeshwa nao walipata nafuu, na makundi hayo mawili hayakutofautiana. Kwa hiyo, ndugu zangu, kiti kilisaidia, na kiti kilichozimwa nacho kilisaidia. Sijui muuzaji angetuuzia kwa bei gani kile kisichowashwa.

Ningeweza kuishia hapo. Ila ukurasa wa tatu wa kijitabu umeandikwa kwamba "mawimbi ya sauti yamethibitishwa na mamlaka za Marekani kutibu kutetemeka", na nilipofuatilia nikakuta kwamba maneno hayo ni kweli. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

FundiMitambo

Naendelea. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya mawimbi ya sauti kwa watu wenye mtetemeko wa mikono usiosikia dawa, na mwaka 2018 ikaongeza wagonjwa wa Parkinson ambao kutetemeka ndiyo dalili yao kuu. Mgonjwa hunyolewa nywele, huvishwa kofia yenye vitoa sauti zaidi ya 1,000, na hulazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, akiwa macho. Kila kitoa sauti peke yake ni dhaifu kiasi kwamba hakiwezi kuudhuru ubongo. Vyote vikielekezwa kwenye nukta moja ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu iitwayo thalamasi, nukta hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 50 na kufa. Mkono hutulia mgonjwa akiwa palepale mezani. Ugonjwa wa Parkinson wenyewe hauondoki, ila kutetemeka kwa upande mmoja hupungua sana.

Hiyo ni sauti kweli. Ni sauti isiyosikika, kwa kuwa sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, nayo iko juu mno ya hapo. Lakini tazameni ujanja uliofanyika: ushahidi wa kofia inayounguza nukta ndogo ya ubongo umehamishiwa kwenye kiti kinachotikisa makalio, eti kwa sababu vyote viwili ni "mitetemo". Ni sawa na kumwambia mtu kwamba kwa kuwa moto huyeyusha chuma, basi kibatari kitamchomelea geti.

Kwa ufahamu wangu, sauti inaweza kuufanyia mwili kazi za namna tatu, na chanzo cha kuchanganyikiwa ni kuzitia zote katika kapu moja.

Namna ya kwanza ni ya nguvu, yaani kuvunja au kuunguza. Baba yangu mdogo alikuwa na jiwe la figo, na katika hospitali moja hapa jijini alilazwa kwenye mashine iliyompiga mawimbi ubavuni, moja baada ya jingine, kama mtu anayepigilia misumari kwa subira. Siku zilizofuata akakojoa chengachenga. Asili ya mashine hiyo inapendeza kuisimulia. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier huko Ujerumani walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoidhuru ndege iendayo kwa kasi kubwa, wakabaini kwamba pigo la tone hutuma wimbi la mshtuko ndani ya chuma. Wimbi likipita kwenye nyama laini, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, hupita kwa salama, lakini likikutana na kitu kigumu hukibomoa. Februari 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo, akiwa ameketi ndani ya beseni kubwa la maji ili wimbi lisipotee hewani. Mtoto wa jicho naye huondolewa hivyo: Charles Kelman wa New York alianza mwaka 1967 kukivunjavunja kioo cha jicho kilichopata ukungu kwa ncha inayotetemeka, baada ya kuketi kwa daktari wa meno na kuona jinsi kifaa cha aina hiyo kinavyobandua ukoga.

Namna ya pili ni ya kutikisa mishipa ya fahamu bila kuvunja kitu. Kila mtu aliyejigonga ugoko akasugua palepale anaijua. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna mithili ya lango, na hisia za mguso na mtetemo zikilijaza, maumivu hupita kwa shida. Miaka ya 1980 Mnorwei Olav Skille alieneza tiba ya kumlaza mtu juu ya kitanda chenye spika ndani yake, zinazotoa sauti nzito za kati ya hezi 30 na 120, yaani mitetemo 30 hadi 120 kwa sekunde. Kwa lugha ya kwetu, ni sabufa chini ya godoro. Tafiti zake nyingi ni ndogo, lakini si jambo la ajabu kwamba misuli hulegea na maumivu hupungua kwa muda.

Namna ya tatu hupitia sikioni na kuingia moyoni: wimbo, mdundo, sauti ya mama. Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo inayouzwa kwa uongo mwingi zaidi.

MnyooshaViungo

Ndugu FundiMitambo, pole kwa kuuguza. Mimi ni mtaalamu wa viungo, na naomba nikiri jambo ambalo wenzangu wa fani huenda wasilipende.

Tuna kifaa cha altrasaundi ambacho wengi wenu mmekiona: tunapaka jeli, tunazungusha kichwa chake juu ya bega au goti. Hutumia megahezi 1, yaani mitetemo milioni moja kwa sekunde, tunapotaka kufika ndani zaidi na megahezi 3 kwa tishu za juujuu. Jeli si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa, kwa kuwa sauti za namna hiyo hazivuki hewa. Wagonjwa wanakipenda, wengine husema hawajatibiwa mpaka kiwashwe. Hata hivyo, kwa maumivu ya mgongo ushahidi wake ni hafifu, na mimi hukitumia mara chache kuliko zamani. Kuna pia altrasaundi ya nguvu ndogo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994 kwa ajili ya kuharakisha kuunga mifupa. Ilitumika kwa zaidi ya miaka ishirini kwa matumaini makubwa, hadi jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016 kuhusu mifupa ya muundi lilipoonyesha kwamba waliowekewa kifaa kinachofanya kazi hawakurudi kwenye shughuli zao mapema kuliko waliowekewa kifaa bubu. Nayasema haya ili isionekane kwamba wanaobugi ni wauzaji wa mitaani peke yao.

Na kwa anayefikiria kujinunulia kifaa hicho mtandaoni: hakipitishwi juu ya tumbo la mjamzito, juu ya jicho, wala juu ya uvimbe wa saratani, na hakiachwi kimesimama mahali pamoja, kwa sababu kinaunguza ndani kabla ngozi haijahisi.

Sasa nina swali moja. Mzee hunywa dawa zake saa ngapi siku ya kwenda kliniki, na safari huchukua muda gani?

BintiKisarawe

Nimesoma kwa makini, na nashukuru kwa uzi wenye adabu. Hata hivyo, Ndugu FundiMitambo, umeifikia namna ya tatu ukaipitia kama mtu anayepita nje ya nyumba ya wakwe. Hatujaanza kutibiwa kwa sauti siku vilipoingia viti vya mota.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mteja wa ngoma, na baadaye akawa fundi. Ndiyo, kwetu anayeongoza ngoma ya uganga huitwa fundi, kama wewe. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa nilipolala nje ya banda huko Kisarawe nikisikiliza madogoli, yaani ngoma za uganga, hadi alfajiri. Kulikuwa na vumi, ile ngoma ambayo jina lake lenyewe linatokana na kuvuma, ambayo huisikii kwa masikio tu bali kifuani. Kulikuwa na chapuo ya juu, manyanga mikononi mwa wanawake, na upatu. Vijana wa leo ukiwaambia upatu wanafikiria mchezo wa kuzungushiana fedha. Upatu ninaousema ni sahani ya shaba inayogongwa, na mlio wake ulikuwa ukibaki hewani hata baada ya waimbaji kunyamaza. Ninapowaona watu wanalipa fedha nyingi kule Masaki kugongewa bakuli la shaba la Wanepali, nacheka peke yangu.

Mgonjwa alikuwa mwanamke aliyefiwa na watoto wawili, akaacha kula na kusema. Alipigiwa midundo mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kila pepo ana mdundo wake na nyimbo zake, hadi ulipofika ule uliomwinua. Sitaki kubishana hapa kuhusu pepo. Nataka kusema tu kwamba usiku ule ukoo mzima ulikesha kwa ajili ya mtu mmoja, na asubuhi aliomba uji.

Wasomi wameyaandika haya. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi Bunju miaka ya 1960, aliyachunguza kwa undani matambiko ya Wazaramo. John Janzen wa Marekani, katika kazi yake ya mwaka 1992, alifuatilia tiba ya ngoma kutoka Kinshasa hadi Cape Town, na Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Alionyesha kwamba neno lenyewe, ngoma, katika lugha nyingi za Kibantu hubeba pamoja chombo, uchezaji na uganga. Kwa hiyo, unapouliza sauti inatibu nini, kwanza uliza ni nani anayeipiga, na ni nani wameketi pembeni.

MwangazaWaMwili

Heshima kwenu. Mimi huendesha vipindi vya kutuliza mwili kwa bakuli na sauti hapa jijini. Naona mmeshupalia mashine mkasahau masafa yenyewe. Masafa ya hezi 528 yanajulikana kwa kurekebisha vinasaba, na muziki uliopangwa kwa hezi 432 unalingana na maumbile, tofauti na huu wa 440 tuliolazimishiwa. Watawa wa kale walilijua hilo. Ndugu fundi, wewe unayepima sauti kila siku ungepaswa kuwa wa kwanza kulitambua.

FundiMitambo

Nianze na BintiKisarawe: umenipata, nami nimekubali. Nitarudi kwako.

Ndugu MwangazaWaMwili, nashukuru kwa kujitokeza kwa heshima, nami nitajibu kwa heshima hiyohiyo. Hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Sekunde ni kipimo cha binadamu, kilichopatikana kwa kuigawa siku katika saa 24, kila saa dakika 60, kila dakika sekunde 60. Wangetokea mababu wengine wakaigawa siku katika saa 20, sauti ileile, kutoka bakuli lilelile, ingepata namba nyingine kabisa. Vinasaba havina saa ya mkononi. Heinrich Hertz, ambaye kipimo kinabeba jina lake, alizaliwa mwaka 1857, na watawa wa kale hawakuwa na chombo chochote cha kuhesabu mitetemo 528 kwa sekunde. Kama walituliza nyoyo, na naamini walituliza, ni kwa jinsi walivyoimba.

Kuhusu 440: ni makubaliano ya mafundi kuhusu noti ya kupangia vyombo ili vilingane, yaliyofikiwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Kabla ya hapo Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859, na miji mingine ilikuwa na viwango vyake. Noti hiyo imepandishwa na kushushwa kwa karne nyingi bila mtu kuugua. Na hapa nyumbani muulizeni BintiKisarawe: ngoma ya ngozi ikipata umande wa usiku hulegea na sauti yake hushuka, ndipo husogezwa karibu na moto ikaze tena. Madogoli ya bibi yake hayakuwa na hezi moja usiku kucha, na mama yule aliomba uji.

Nimewahi kuhudhuria kipindi cha bakuli, si chako, na nilipumzika sana, hilo sitalikana. Watafiti wa California waliwahi kuwapima watu 62 kabla na baada ya kipindi cha namna hiyo, wakakuta wasiwasi na uchovu wa nafsi umepungua, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017. Lakini hawakuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu waliolala kwa saa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi bila simu na bila bakuli. Kwa sisi wakazi wa Dar es Salaam, nashuku hilo peke yake lingetosha.

Ninachokipinga ni hatua inayofuata. Katika kipindi kile, baada ya bakuli, tuliombwa kushika kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta mpakato, tukaelezwa kwamba "kipimo cha mwili mzima kwa mawimbi" kimeonyesha ini langu limechoka na mifupa yangu imepungukiwa madini. Nilirudi siku ya pili, nikajiandikisha kwa jina lilelile ila umri nikauongeza kwa miaka thelathini. Ini likapona na figo zikaugua. Biashara ya namna hii haikuanzia kwetu: miaka ya 1930 Mmarekani Royal Rife alidai kwamba kila kijidudu kina masafa yanayokiua, na mashine zenye jina lake zinauzwa mpaka leo kwa wagonjwa wa saratani ingawa hazijathibitishwa kutibu chochote. Wapo waliofariki huku wakisubiri masafa.

MamaPachaMbagala

Samahani kwa kuingilia na swali dogo. Nina ujauzito wa miezi saba. Shemeji yangu ameniletea mkanda wenye spika ndogo za kufunga tumboni ili mtoto asikie kisomo na nyimbo tulivu, eti atazaliwa na akili. Je, una madhara?

MnyooshaViungo

Dada, hongera. Mtoto huanza kuitikia sauti akiwa na takriban wiki 25, kwa hiyo wa kwako tayari anasikia. Sauti za nje humfikia zikiwa zimefifia, hasa zile nyembamba, lakini sauti yako mwenyewe humfikia kupitia mwili wako, haihitaji spika. Soma au imba wewe, kwa sauti yako ya kawaida. Kufunga spika juu ya ngozi ya tumbo sikushauri, kwa kuwa huwezi kujua ni kiasi gani kinachoingia ndani. Mkanda mrudishie shemeji kwa shukrani.

FundiMitambo

Naongezea hapo, kwa sababu hili la kiasi linanigusa binafsi. Sikio langu la kushoto halisikii tena mlio wa jogoo wa jirani, na mke wangu huniita mara mbili. Kiwango kinachotambulika kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unapungua kwa nusu. Kumbi ninazofanyia kazi huvuka 100 kabla keki haijakatwa. Mtetemo nao ni hivyohivyo: mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Indiana waliotumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinakufa ganzi na kuwa vyeupe kwenye baridi. Muuzaji wa kiti alituambia kwamba mtikisiko "ukizidi ndivyo unavyofaa". Sijawahi kuona mtambo wa sauti ambao kauli hiyo inaufaa.

MnyooshaViungo

Na madereva wa daladala huja kwetu na migongo, kwa mtikisiko uleule unaompa mzee ahueni ya saa moja. Bado nasubiri jibu la swali langu la dawa.

FundiMitambo

Wanajukwaa, nimerudi baada ya siku kumi na moja. MnyooshaViungo, nilipoliona swali lako nilidhani ni la kawaida, kumbe ulikuwa umeshaona tulichoshindwa kukiona nyumbani kwa miaka minne.

Nilinunua daftari. Siku ya kliniki mzee humeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, saa moja asubuhi, saa moja na robo tunapanda gari, na kwa foleni ya kawaida tunashuka saa mbili na robo. Siku zisizo na safari nilianza kumtazama saa hizohizo akiwa barazani. Ifikapo saa mbili hivi mabega yake hushuka, uso hufunguka, na akiitwa huinuka kwa mara moja. Dawa huhitaji takriban nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, na muda huo ndio tunaoumaliza barabarani. Mashimo yamekuwa yakisifiwa kwa kazi ya kidonge. Nilimweleza mzee. Alifikiri, akasema inawezekana, ila mashimo nayo yasidharauliwe. Siku muuzaji alipomletea kiti, daftari halikuwepo, lakini mama anakumbuka kwamba wageni walifika mara tu baada ya dawa ya mchana.

Kiti hatujakinunua. Badala yake MnyooshaViungo alinielekeza kwa mwenzake aliye karibu nasi, akampima mzee mwendo: hatua 88 kwa dakika, fupi na zisizo sawa. Kisha akawasha mlio wa kuhesabia mapigo katika simu kwa kasi hiyohiyo, akamwambia akanyage juu ya kila pigo, na baada ya siku chache akaongeza kasi kidogo, si zaidi ya moja ya kumi. Njia hii ya kutembea kwa mdundo imefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1990 na Michael Thaut na wenzake huko Colorado, na hufanya kazi kwa kuwa ugonjwa huu huharibu saa ya ndani inayopanga hatua, na mdundo wa nje huuazima mwili saa nyingine. Niliona kwa macho yangu: hatua zilirefuka akiwa bado katikati ya chumba. Hakuna hezi maalumu hapo. Mlio wowote unaosikika unatosha, alimradi uwe na mpangilio.

Mzee aliukataa ule mlio wa simu siku ya tatu, akisema unamfanya ajione yuko wodini. Alitaka muziki wa dansi wa ujana wake. Basi hii ndiyo kazi niliyoifanya usiku mbili, dada BintiKisarawe, na hapa ndipo ninaporudi kwako kama nilivyoahidi: nimepitia maktaba yangu ya zilipendwa, nikahesabu mapigo ya kila wimbo, nikachagua kumi na mbili zinazokaribia hatua zake, na zile zilizokimbia nikazipunguza kasi kidogo bila kuharibu sauti ya waimbaji. Jioni tunafungua mlango wa uani, ninaweka spika moja ndogo kwenye kigoda, desibeli 65 na si zaidi, na mzee anazunguka ua. Siku ya kwanza alizunguka peke yake. Siku ya nne mama aliacha mboga jikoni akajiunga, na majirani wawili wa rika lake sasa huja na viti vyao.

Tatizo lililobaki ni mlango wa choo. Pale miguu hugandama sakafuni, kama wengi wenye ugonjwa huu wanavyoganda kwenye vizingiti, na muziki wa uani haufiki. Mjukuu wake wa miaka sita amejipa kazi hiyo: akimwona babu amesimama, humpigia makofi, moja, mbili, moja, mbili, mpaka avuke.

BintiKisarawe

Huyo mtoto muulize kama anataka kuja Kisarawe. Tuna chapuo ya bibi, haina mpigaji.